Jina la Anuarite: asili yake, maana yake, na sababu ya kulitunza

Ukifungua kitabu cha ubatizo katika parokia yoyote ya Tanganyika, utakuta Maria, Elisabeti, Agnesi, Terezia na Yozefina kila ukurasa. Jina la Anuarite ni la nadra. Linatokea hapa na pale, zaidi tangu mwaka wa 1985, na mara nyingi limesimama nyuma ya jina lingine, kana kwamba peke yake halina nguvu ya kumwingiza mtoto katika Eklezya. Tena haliandikwi kwa namna moja: huyu anaandika Anuarite, huyu Anwarite, mwingine Anuarita. Na mama akimwambia katekista: « Binti huyu nataka aitwe Anuarite », bado anaweza kujibiwa: « Hilo ni jina la kikwetu. Jina la ubatizo ni gani? »

Wandugu wapendwa, jibu hilo lina kosa ndani yake, na kosa lenyewe ni la zamani sana kuliko misioni zetu. Kwa hiyo nataka kueleza kwa utaratibu jina hili limetoka wapi, lina maana gani, na namna lilivyopata kuwa jina la ubatizo sawasawa na Agnesi au Perpetua. Mwisho nitasema yanayotupasa sisi tunaoshika kalamu mbele ya vitabu vya wakristu.

I. Mtoto aliyeitwa Nengapeta

Mwenye heri Anuarite alizaliwa tarehe 29 Desemba 1939 huko Wamba, kaskazini-mashariki ya Kongo, katika kabila la Wabudu. Baba yake aliitwa Amisi, mama yake Isude. Jina walilompa siku alipozaliwa halikuwa Anuarite. Walimwita Nengapeta, maana yake katika Kibudu: mali inadanganya.

Sisi watu wa upande huu hatuwezi kushangaa juu ya jina la namna hiyo. Kwa Waluba, pacha wa kwanza ni Kyungu na wa pili ni Kabange, wala baba hana haja ya kutafuta majina mengine. Na jamaa zinazosema Kiswahili, tangu Moba mpaka Uvira, zinawaita watoto wao Tabu, Riziki, Vumilia, Mateso, Furaha. Jina la mtoto linatangaza habari ya nyumba: wazazi wanalitoa, na majirani wanasikia wanayopaswa kusikia. Mtoto mwenyewe analichukua maisha yake yote, hata kama ugomvi au msiba uliolizaa umekwisha kusahauliwa.

Katika nyumba ya Amisi habari haikuwa njema. Amisi alikuwa askari. Isude alimzalia mabinti, wala hakupata mtoto mume. Kwa sababu hiyo mumewe akamwacha. Tulikumbuke neno hili, kwa maana tutalirudia: jina tunalolitafuta limetoka katika nyumba ambamo mama alifukuzwa sababu ya kuzaa wasichana.

Katika mwaka wa 1943 Isude alibatizwa pamoja na mabinti zake. Nengapeta, mtoto mdogo bado, akapewa jina la Alphonsine. Basi akawa na majina mawili, moja la nyumbani na moja la Eklezya, kama ilivyokuwa desturi ya misioni zote za wakati ule.

II. Kosa la kitabu cha shule

Ilipofika siku ya kwenda shuleni, mdogo aliongozwa na dada yake mkubwa. Dada huyo ndiye aliyekuwa na jina la Anuarite, naye kwa ubatizo aliitwa Léontine. Sista mwenye kuandika watoto akachanganya majina ya ndugu hao wawili, akamwandika mdogo kwa jina la mkubwa. Tangu siku ile Nengapeta akawa Anuarite katika kitabu cha shule, na kosa halikusahihishwa tena. Walimu wakamwita hivyo, wenzake wakamwita hivyo, na yeye mwenyewe akaitika.

Anuarite ni neno la Kibudu kama Nengapeta, na maana yake ni: naicheka vita. Mwenye kujua Kiarabu asidanganywe na wale wanaoandika « Anwarite », akadhani jina limetoka katika neno la nuru. Halina ujamaa wowote na Kiarabu. Wala si jina la Kilatini kama Margarita, ingawa wengine wamelifunga mkia wa -a wapate kulifananisha nalo. Ni neno la msitu wa Wamba, na ndani yake mna vita na kicheko.

Msichana huyu akaingia utawani Bafwabaka, katika shirika la Jamaa Takatifu. Lilikuwa shirika la masista wenyeji, lililoanzishwa na Monsinyori Camille Verfaillie, wa Mapadri wa Moyo Mtakatifu wa Yezu. Tarehe 5 Agosti 1959 akaweka nadhiri zake za kwanza, akapewa jina la Sista Marie-Clémentine. Wazazi wake wakaleta zawadi ya mbuzi wawili, ndiyo kusema wakamtoa binti yao kwa furaha na kwa ushahidi wa watu, kama inavyofanyika kwetu katika mambo makubwa ya jamaa.

Tuhesabu sasa. Nengapeta ni jina la wazazi. Alphonsine ni jina la ubatizo. Marie-Clémentine ni jina la utawa. Anuarite ni jina la kosa, lisilochaguliwa na mtu hata mmoja. Hata hivyo ndilo hilo ambalo wakristu wa Kongo wanaliimba leo. Watu wengi hawajui kabisa jina la Alphonsine. Na wanaosema « Sista Clémentine » bila kuongeza neno ni wachache. Kwa sababu gani jina la kosa limeyashinda mengine? Si uzuri wa sauti yake. Ni mambo yaliyotokea katika usiku mmoja.

III. Usiku wa Isiro

Mwaka wa 1964 wazee wa Kalemie hawana haja ya kuelezwa. Katika mwezi wa Juni waasi waliingia Albertville, kama mji wetu ulivyoitwa wakati ule. Jason Sendwe, mkubwa wa provensi ya Katanga ya Kaskazini, akauawa hapa hapa. Mji ulirudi katika mikono ya serikali mwishoni mwa Agosti, lakini kaskazini moto ulizidi. Tarehe 28 Novemba, kwenye pwani ya ziwa letu, katika Baraka na Fizi, waasi waliwaua wamisionari watatu wa shirika la Mtakatifu Fransisko Saveri: Padri Luigi Carrara, Padri Giovanni Didonè na Bruda Vittorio Faccin. Pamoja nao waliua Padri Albert Joubert, mwana wa inchi hii, wa jamaa ya yule Kapiteni Joubert aliyeilinda misioni ya Mpala. Hao wanne wametangazwa wenye heri Uvira tarehe 18 Agosti 2024.

Siku moja baada ya damu ya Baraka, tarehe 29 Novemba, Wasimba walifika Bafwabaka. Wakawapakiza masista katika kamio, wakawapeleka mpaka Isiro, mji uliokuwa ukiitwa Paulis. Huko, usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba, mkubwa mmoja wa askari alimtaka Sista Anuarite awe mke wake. Akakataa. Kolonel Pierre Olombe akajaribu kumpeleka kwa nguvu, yeye na Sista Jean-Baptiste Bokuma. Wote wawili walipigwa vibaya. Sista Bokuma akavunjwa mkono, akazimia. Anuarite akasema wazi kwamba ni afadhali afe kuliko kutenda dhambi ile. Katikati ya mapigo alimwambia yule aliyempiga kwamba anamsamehe, kwa kuwa hajui anayoyatenda. Wakamchoma kwa visu vya bunduki, kisha Olombe mwenyewe akampiga risasi. Akafa saa saba ya usiku. Alikuwa hajatimiza miaka 25.

Hapo ndipo maana ya jina inapofunguka. Kuna namna mbili za kuicheka vita. Ya kwanza ni ya mtu mwenye bunduki: anacheka kwa sababu anajiona ana nguvu kuliko mwenzake, na kicheko chake kinakwisha siku anapokutana na mwenye nguvu kumpita. Ya pili ni ya mtu asiye na kitu mkononi, ambaye vita imemnyang'anya kila kitu isipokuwa neno lake, naye neno lile hakulitoa. Askari waliweza kumpeleka walikotaka, waliweza kumpiga na kumwua. Hawakuweza kumfanya aseme ndiyo, wala hawakuweza kumfanya awachukie. Mbele ya mtu wa namna hiyo vita inabaki na aibu yake.

Na lile jina lingine, Nengapeta, nalo lilitimia. Bwana wetu katika mfano wa mpanzi anasema juu ya udanganyifu wa mali unaosonga neno la Mungu kama miiba. Wazazi walilitia neno lile katika jina la mtoto kabla ya kubatizwa kwao. Naye akaja kuweka nadhiri ya ufukara.

IV. Je, jina la kikwetu laweza kuwa jina la ubatizo?

Turudi sasa kwa swali la katekista. Wasomaji wa Seminari kubwa watakumbuka barua za Mtakatifu Augustino. Karibu na mwaka wa 390, mwalimu mmoja wa Madaura, mpagani aliyeitwa Maximus, alimwandikia Augustino akiwacheka wakristu sababu ya majina ya mashahidi wao. Katika Afrika ya Kaskazini walikuwamo mashahidi wenye majina ya Kipuni, lugha ya wenyeji: Miggin, Saname, Namphamo. Maximus aliona majina hayo machafu, yasiyofaa kusikiwa karibu na majina ya miungu ya Roma.

Augustino hakuona haya. Alimwuliza Maximus namna gani yeye, mtu wa Afrika mwenye kuwaandikia watu wa Afrika, anaweza kusahau asili yake mpaka kudharau majina ya Kipuni. Kisha akamfasiria Namphamo: ni mtu mwenye mguu mwema, ambaye kufika kwake kunaleta heri. Msomaji wa Kiswahili anacheka kidogo hapa, kwa maana sisi pia tunasema juu ya mgeni kwamba ana mguu mzuri. Basi tangu miaka 1600 na zaidi, mmoja wa walimu wakubwa wa Eklezya amekwisha kumjibu katekista wetu.

Na majina yale tunayoyaita ya ubatizo, yalitoka wapi? Martino limetoka kwa Mars, mungu wa vita wa Waroma. Dionizi limetoka kwa Dionysos, mungu wa divai wa Wagiriki. Perpetua na Felisita, mashahidi wa Kartago wa mwaka wa 203, walikuwa na majina ya kawaida ya inchi yao, na Felisita lilikuwa jina la mtumwa. Majina hayo hayakuwa na utakatifu wowote mpaka walipoyachukua watu walioishi na kufa kikristu. Jina halimtakasi mtu. Mtu ndiye anayelitakasa jina.

Sheria za Eklezya nazo zatusaidia. Kanuni ya 761 ya Codex ya mwaka wa 1917 iliwaagiza maparoko waangalie mbatizwa apewe jina la kikristu. Na wazazi wakikataa, paroko aongeze jina la mtakatifu, akaandike yote mawili kitabuni. Codex ya mwaka wa 1983, katika kanuni ya 855, inasema kwa namna nyingine: wazazi, wasimamizi wa ubatizo na paroko waangalie lisitolewe jina lisilopatana na moyo wa kikristu. Haidai tena jina la mtakatifu; inakataza tu jina linaloipinga imani. Lakini hata chini ya sheria ya zamani, jina la mwenye heri aliyetangazwa na Papa lingepitaje kukataliwa?

Katika inchi yetu mambo haya yamepita njia ngumu. Stefano Kaoze, padri wa kwanza wa Kongo katika nyakati zetu, alipadirishwa Baudouinville tarehe 21 Julai 1917. Alikuwa na Stefano kwa ubatizo na Kaoze kwa jamaa, na yote mawili yalikaa pamoja bila kugombana. Tarehe 18 Oktoba 1964 Papa Paulo VI aliwatangaza mashahidi wa Uganda kuwa watakatifu. Na tangu hapo Kizito, jina la Kiganda la kijana mdogo kuliko wenzake wote, limekuwa jina la ubatizo katika Afrika ya Mashariki yote na kwetu pia. Siku ile Sista Anuarite alikuwa hai bado. Zilibaki siku 44.

Kisha ukaja mwaka wa 1972. Mobutu, katika mafundisho yake juu ya kurudia asili, aliacha jina la Joseph-Désiré, na wananchi wote wa Zaïre wakaamriwa kuacha majina ya kikristu katika karatasi za serikali. Kardinali Malula alipinga, ikambidi akae Roma kwa miezi. Wakristu wengi wakawa na majina mawili kwa hofu: la Leta mchana, la Eklezya nyumbani. Hivyo kitu kilichokuwa kimoja kwa Kaoze kikakatwa vipande viwili, na kila upande ukadai kipande chake tu.

Tarehe 15 Agosti 1985, Papa Yohane Paulo II alipofika Kinshasa, aliviunganisha tena. Alimtangaza mwenye heri Marie-Clémentine Anuarite Nengapeta, mwanamke wa kwanza wa watu wa Bantu kupata heshima hiyo. Jina la utawa, jina la kosa na jina la wazazi yalisomwa pamoja mbele ya altare. Na siku ile ile Papa alitamka msamaha kwa yule aliyemwua, akifuata neno la Anuarite mwenyewe.

V. Namna jina lilivyoenea

Tangu 1985 jina limetembea. Parokia, shule na vikundi vya vijana katika majimbo mengi ya Kongo vimelichukua. Limevuka ziwa mpaka Tanzania, ambako wengi wanaandika Anwarite, na katika upande wa Kilimanjaro iko shule ya sekondari ya wasichana yenye jina hilo. Sikukuu yake ni tarehe 1 Desemba.

Lakini linabaki jina la nadra kwa watoto, na naona sababu mbili. Ya kwanza ni ile tuliyoieleza: watu wanadhani ni jina la kabila moja. Ya pili ni kwamba wazazi wengi wanalisikia kanisani bila kujua maana yake, na kwa desturi yetu mtu hapendi kumpa mtoto jina asilolifahamu. Ndiyo maana pale ambapo habari zake zimesimuliwa vema, jina huzaliwa; na pale ambapo sikukuu inapita bila neno, halizaliwi.

VI. Yanayotupasa

Kwanza, mama akileta binti na kusema Anuarite, tuandike Anuarite. Likitosha kwake, litutoshe na sisi. Akitaka kuongeza Clémentine au Nengapeta, vema; lakini tusimwongezee sisi kana kwamba kuna kitu kimepunguka. Na tuliandike kama lilivyo katika tangazo la Eklezya, kwa herufi zake zote.

Pili, tuheshimu kalamu. Kosa la kitabu cha shule lilimgeuza Nengapeta kuwa Anuarite, na Mungu alilitumia kosa lile. Lakini tusifanye fadhili ya Mungu kuwa ruhusa ya uvivu wetu. Watoto wengi wamesumbuka kupata ndoa, masomo au karatasi kwa sababu mwandishi hakuuliza vizuri, au aliona jina la kienyeji halistahili kuulizwa mara mbili. Tumwulize mama, tumsomee tulichoandika, kisha tutie mkono.

Tatu, tuseme maana ya jina mbele ya watu, hasa hapa kwetu. Provensi ya Tanganyika imeona vita ya Watwa na Waluba tangu 2013, na kuzunguka Kalemie watu walijaa katika kambi, wakikimbia Nyunzu, Kabalo na Manono. Mbele ya watu kama hao kutamka « naicheka vita » bila fasiri ni kuwaumiza, maana wao vita haikuwachekesha. Tuwaambie kicheko hicho kilikuwa cha nani, na kwamba kilikwisha kwa neno la msamaha kwa adui. Mtwa na Mluba wakilisikia hivyo katika kanisa moja, jina litakuwa limefanya kazi yake.

Nne, tuwaambie akina baba. Wako hata leo wanaume wanaomwacha mke kwa sababu amezaa wasichana, na wako wakwe wanaowasaidia. Isude aliachwa kwa sababu ile ile. Binti mmojawapo wa nyumba yake ndiye ambaye Eklezya nzima inaomba maombezi yake. Sina mahubiri mengine yenye nguvu kuliko hayo juu ya heshima ya mtoto mke, nayo yote yamefungwa ndani ya jina moja. Anayembatiza binti yake Anuarite anasema mbele ya majirani kwamba hakupata hasara.